Tumbo Halijasomwa, Dawa Yake Tayari Inauzwa

Mwezi Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Kilimanjaro, kwa jirani zetu Watanzania. Vijana wa kiume 77, wote wazima wa afya, walishiriki. Waliozoea ndizi, maharage na mboga za kienyeji walilishwa kwa wiki mbili soseji, mkate mweupe na chipsi. Waliozoea chakula cha mjini wakarudishiwa kile cha asili, na kundi la tatu likanywa mbege, pombe ya kienyeji ya ndizi na wimbi, kwa wiki moja. Kwa kundi la kwanza damu ilionyesha kupanda kwa ule moto wa chini kwa chini ambao madaktari huuita mchochota; kwa makundi mawili mengine ulishuka, na sehemu ya mabadiliko hayo ilikuwa bado inaonekana wiki nne baadaye. Ni kazi nzuri, imefanyika nyumbani, na niliisoma kwa furaha. Kilichonisumbua ni safari ya habari hiyo hadi Nairobi. Ilipofika kwenye vikundi vya WhatsApp vya wagonjwa ilikuwa imeshageuka kuwa ushahidi kwamba lupasi na baridi yabisi, magonjwa ya kinga kuushambulia mwili, zinaponywa na chakula, na chini yake limebandikwa tangazo la kopo la bakteria wazuri, au unga wa kusafisha utumbo, au kipimo cha choo kinachotumwa ng'ambo na kurudi na orodha ndefu ya vyakula vya kuacha. Katika wale vijana 77 hamkuwa na mgonjwa hata mmoja wa lupasi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Uhusiano kati ya bakteria wa utumbo na magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wake yenyewe ni wa kweli, na daktari anayeucheka amechelewa. Lakini kujua kwamba vitu viwili vinahusiana ni jambo moja, na kuwa na tiba ni jambo jingine kabisa. Tena huo uhusiano wenyewe umepimwa zaidi kwenye matumbo ya New York, Helsinki na Munich kuliko ya Umoja na Kawangware, hapa Nairobi. Anayeuza tiba ya tumbo hapa leo anauza majibu ya mtihani ambao sisi hatujaufanya, na mgonjwa anayeacha dawa zake kwa ajili ya majibu hayo hulipa kwa figo na viungo vyake.

Kwanza tunachokijua. Mwilini mwa mtu mzima kuna bakteria wapatao trilioni 38, kwa hesabu iliyofanywa na watafiti wa Israeli mwaka 2016, karibu sawa na seli zetu wenyewe, na wengi mno kati yao wanaishi kwenye utumbo mpana. Kinachowatenganisha na nyama yetu ni ute na safu moja tu ya seli. Nyuma ya ukuta huo mwembamba mwili umeweka askari wengi kuliko mahali pengine popote, na askari hao hawazaliwi wakijua nani adui na nani mpangaji wa siku zote. Hufunzwa, na bakteria ni miongoni mwa wanaowafunza. Mwaka 2009 maabara ya Dan Littman huko New York ilionyesha kwamba aina moja tu ya bakteria kwenye utumbo wa panya inatosha kuzalisha seli kali za kinga, zile zile zinazoonekana kwa wingi pale kinga inapoushambulia mwili. Mwaka 2011 Kenya Honda na wenzake huko Japani wakaonyesha upande wa pili: bakteria wa kundi la Clostridia huzalisha seli za kutuliza, zinazowazuia askari wasivuke mpaka. Ndani ya miaka miwili ikajulikana pia kwamba baadhi ya kazi hiyo ya utulizaji hufanywa na asidi ambazo bakteria huzitengeneza wanapochachusha nyuzinyuzi, zile tunazozipata kwenye maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa.

Kwa Mkenya wazo la kijidudu kuichochea kinga igeuke dhidi ya mwenyewe halipaswi kuwa geni. Tunalo tayari kwenye wodi za moyo, ambako wamelala watoto walioanza na koo kuuma tu. Bakteria wa koo walikuwa na protini zinazofanana na za moyo, kinga ikazipiga zote, na sasa mtoto anasubiri upasuaji wa vali. Campylobacter, bakteria wa kuhara, naye hufanya hivyo kwa mishipa ya fahamu: tumbo linapona, kisha wiki moja au mbili baadaye miguu inaanza kulegea na kupooza. Haya hayabishaniwi, yamo katika vitabu vya wanafunzi. Swali jipya ni kama bakteria wapole, wanaoishi nasi miaka yote bila kutuuguza, nao wanaweza kufanya jambo kama hilo polepole.

Kuna ushahidi unaotia shauku. Mwaka 2013 timu ya New York iliwapima watu waliogunduliwa kuwa na baridi yabisi karibuni, kabla hawajameza dawa yoyote, na ikamkuta bakteria aitwaye Prevotella copri kwa asilimia 75 yao, huku kwa watu wazima wa afya akiwa kwa asilimia 21 tu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza jinsi Enterococcus gallinarum anavyotoroka utumboni mwa panya wenye asili ya kupata lupasi, akahamia kwenye ini na kuiamsha kinga. Walipomdhibiti kwa antibiotiki au kwa chanjo, panya waliishi zaidi, na alama za bakteria huyo zikapatikana pia kwenye maini ya baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2019 wengine wakapima wanawake 61 wenye lupasi na kukuta Ruminococcus gnavus akiwa kwao takriban mara tano ya kawaida, hasa kwa wale ambao figo zao zilikuwa zimeguswa. Siwezi kuziweka kando kazi za namna hii kana kwamba ni porojo.

Ndiyo maana sikubaliani na madaktari wanaomnyamazisha mgonjwa pindi anapotaja tumbo. Nimesikia hoja yao: kwamba mambo haya ni ya mitindo, na kwamba dawa zinazojulikana zinatosha. Hoja hiyo inasahau dawa zao wenyewe. Salfasalazini, ambayo mgonjwa wa baridi yabisi anaandikiwa na kuinunua Nairobi kila mwezi, ilibuniwa na daktari wa Sweden, Nanna Svartz, kiasi cha miaka 80 iliyopita, na haifanyi kazi mpaka bakteria wa utumbo mpana waikate vipande viwili. Bila wao ni kidonge kinachopita tu. Hata methotreksati, nguzo ya tiba ya ugonjwa huo, imeonekana katika miaka ya karibuni kuchakatwa na baadhi ya bakteria, na hiyo huenda ni sababu mojawapo ya dawa kumfaa huyu na kutomfaa yule. Mgonjwa akiuliza kuhusu tumbo, anauliza kitu ambacho tiba yake ilishakuwa inakitegemea kabla hajazaliwa.

Hata hivyo kati ya kusema bakteria wanahusika na kusema wanasababisha kuna bonde pana, na biashara yote imejengwa kwa kuliruka. Ugonjwa wenyewe hubadilisha tumbo. Maumivu hupunguza hamu ya kula, mgonjwa hukaa ndani, hulala vibaya, humeza dawa kali. Ukimpima choo baada ya hayo utakuta bakteria tofauti, na hujui nani alianza. Tumeshaonywa. Mwaka 2015 ilibainika kwamba sehemu kubwa ya yale yaliyodhaniwa kuwa alama za kisukari cha aina ya pili kwenye utumbo yalikuwa alama za metformini, yaani dawa ya kisukari. Kosa hilo walilifanya watu makini, katika maabara bora. Sembuse muuzaji wa vipimo mtandaoni.

Hata wanyama hawatupi jibu moja. Panya buku wenye jeni ya binadamu inayohusishwa na ugonjwa wa kukakamaa uti wa mgongo, wakilelewa bila bakteria kabisa, viungo vyao haviugui; hilo limejulikana tangu 1994. Lakini kuna panya wa maabara wanaopata kisukari cha aina ya kwanza, na hao ukiwalea bila bakteria kisukari chao hakiondoki. Kwa baadhi yao ni bakteria waliokuwa wanawakinga. Kwa watoto nako: Finland inaongoza duniani kwa kisukari hicho, ilhali ng'ambo ya mpaka, Karelia ya Urusi, watoto wenye jeni zinazokaribiana nao huugua kwa kiwango cha chini mara kadhaa. Watafiti walipolinganisha vinyesi vya watoto wachanga, mwaka 2016, walikuta wa Finland wana kwa wingi bakteria ambao hawaishtui kinga inavyotakiwa, wa Karelia wana wanaoishtua vizuri. Sasa mwenye kuuza unga wa kusafisha utumbo aniambie anasafisha nani na kumwacha nani. Bakteria yule yule kwa ugonjwa mmoja ni mshtakiwa, kwa mwingine ni shahidi wa utetezi.

Hapa ndipo jambo linapokuwa letu sisi wa Afrika Mashariki, na ndipo naomba msomaji akae nami kidogo. Mrudie yule Prevotella wa New York. Mwaka 2010 watafiti walilinganisha watoto wa kijiji kimoja cha Burkina Faso na watoto wa Florence, Italia, na wakamkuta Prevotella kwa wingi kwa wale Waafrika walao mtama, uwele na mboga, huku kwa Waitaliano akiwa karibu hayupo. Mwaka 2019 ikaonekana kwamba tunayemwita Prevotella copri ni koo nne zenye jina moja, na kwamba watu wasioishi maisha ya Kimagharibi mara nyingi wanazo koo kadhaa kwa pamoja, pale Mmarekani anapokuwa na moja au hana kabisa. Kwa hiyo mkazi wa Kayole aliyekulia githeri na sukuma wiki akituma choo chake ng'ambo na kuletewa karatasi yenye alama nyekundu kwamba ana bakteria wa baridi yabisi, karatasi hiyo huenda inamwambia tu kwamba yeye si Mmarekani.

Upande wa bakteria wazuri uko vivyo hivyo. Kwenye makopo mengi yanayouzwa mjini limeandikwa jina la Bifidobacterium. Mwaka 2014 Wahadza 27, jamii ya wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, walipimwa pamoja na Waitaliano 16 wa Bologna, na kwa Wahadza watu wazima bakteria huyo hakuonekana kabisa. Kwa kanuni za kopo, Wahadza ni wagonjwa. Kwa kanuni za utafiti uliotoka 2023, Mhadza mmoja ana kwa wastani aina 730 za viumbe utumboni na mkazi wa California ana 277. Tumbo lenye afya halina sura moja duniani kote, na sijui ni kwa haki gani tumekubali sura ya kwao iwe rula ya kutupimia.

Kazi ya kupima ya kwetu imeanza. Mwezi Januari 2025 ulitoka utafiti mkubwa wa wanawake 1,801 wa Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, na kwa upande wa Kenya walioshiriki ni wakazi wa Korogocho na Viwandani, hapa Nairobi, kupitia kituo cha utafiti cha APHRC. Humo zilipatikana jinomu, yaani ramani kamili za jeni, zaidi ya 1,000 za bakteria ambazo hazikuwa kwenye orodha yoyote, na ikadhihirika kwamba hakuna tumbo moja la Mwafrika: la Nairobi linatofautiana na la kijijini Ghana, na hata ndani ya Afrika Kusini maeneo hayafanani. Habari hiyo ilistahili kushangiliwa mjini kuliko ile ya mbege. Wapo kati yetu viumbe ambao sayansi ndiyo kwanza inawapa majina, na tayari kuna mtu pembeni anauza dawa ya kuwarekebisha.

Zipo hoja za upande wa pili ambazo nazipa uzito. Moja ni kwamba wazee wetu hawakuwa na magonjwa haya, na kwamba kilichobadilika ni chakula. Haijatoka hewani. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, akifanya kazi Nigeria, aliandika kwamba magonjwa haya yalikuwa haba mno hospitalini kwake, na akafikiri labda vimelea vinavyotuandama tangu utotoni ndivyo vinavyoipoza kinga. Dhana hiyo bado inaheshimiwa. Lakini tuwe wakweli kuhusu kilichokuwa kinahesabiwa. Binti aliyevimba uso, akatoka upele, akapata homa zisizoisha na kufa akiwa na miaka 25, katika kijiji kisicho na maabara, aliandikwa malaria kama aliandikwa popote, na pengine watu wakanong'ona kwamba amerogwa. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba lupasi ni nadra Afrika, ilhali wanawake wenye asili ya Afrika walioko Marekani na Uingereza ndio wanaougua zaidi ya Wazungu. Leo madaktari bingwa wa magonjwa haya nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Mgonjwa wa Lodwar hahesabiwi mpaka apate nauli. Chakula kimebadilika, ndiyo, na huenda kina mchango. Ila macho yetu nayo yamebadilika, na hakuna anayeweza kutenganisha hayo mawili bila takwimu ambazo hatukuzikusanya.

Hoja nyingine nzito ni ya antibiotiki, na hii ingefaa kuongoza mjadala wote. Sheria inataka cheti cha daktari, lakini mtaani unaingia duka la dawa na kutoka na vidonge vinne vya amoksisilini kwa mafua ambayo hayavihitaji hata kidogo. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2015 ulikuta kwamba watoto waliowahi kupewa antibiotiki walikuwa na uwezekano wa karibu maradufu wa kupata ugonjwa wa viungo wa utotoni. Inawezekana mshale umegeuka, kwamba mtoto ambaye kinga yake ina hitilafu huugua mara nyingi na hivyo kupewa dawa nyingi. Waandishi wenyewe walilijua hilo. Hata ikiwa ni hivyo, kuacha kumeza antibiotiki zisizohitajika hakumdhuru mtu yeyote, kunatupunguzia usugu wa dawa unaoua leo, na hakununuliwi kwa kopo. Labda ndiyo sababu hakuna anayekutangaza.

Sasa hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo yenye wafuasi wengi: kwamba dawa za hospitali zinaua bakteria wazuri, kwa hiyo ziache, safisha utumbo, pandisha kinga. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wawili mwenye lupasi, aliambiwa hivyo na mtu aliyemuuzia vidonge. Akaacha haidroksiklorokwini, dawa yake ya lupasi. Miezi mitatu ya kwanza alijisikia vizuri na akawashuhudia wenzake. Mwezi wa tano miguu ilivimba na mkojo ukawa na povu. Figo haziumi zinapoharibika, na hapo ndipo udanganyifu huu unapopata muda wa kujitangaza. Kwamba kuacha dawa hiyo kuna hatari tumejua tangu 1991, pale wagonjwa wa Kanada waliokuwa wametulia waligawanywa, wengine wakaendelea nayo na wengine wakapewa vidonge vitupu bila kujua: waliopewa vitupu uwezekano wao wa kulipukiwa upya ulikuwa mara 2.5. Na huko kupandisha kinga ni wazo la kuogofya kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni kinga iliyopanda. Tembe za alfalfa, zinazosifiwa kwa kujenga mwili, zina kemikali ambayo tangu miaka ya 1980 inajulikana kuwaletea nyani ugonjwa unaofanana na lupasi.

Wapo wanaodhani basi jibu ni kuhamisha bakteria wote, kwa njia ya kinyesi, kutoka tumbo lenye afya hadi la mgonjwa. Kwa kuhara kunakoletwa na Clostridioides difficile njia hiyo hufaulu sana, na kwa vidonda vya utumbo mpana inatia moyo. Denmark waliijaribu kwa wagonjwa 31 wa yabisi ya viungo inayofuatana na soriasisi, ugonjwa wa ngozi, matokeo yakatoka 2021. Waliopewa kinyesi halisi, tiba iliwashinda asilimia 60. Waliopewa cha kuigiza, asilimia 19. Kwa maneno mengine, bakteria wa mtu mzima wa afya waliwafanya vibaya zaidi. Wadenmark hao walistahili heshima, kwa kuwa walijaribu kwanza, wakahesabu, wakatangaza hata kilichowaangusha. Sijaona kopo lolote mjini lenye historia kama hiyo.

Mgonjwa afanye nini? Ale maharage, terere, managu, kunde, uji wa wimbi uliochachuka, maziwa lala kama tumbo lake linayakubali. Mwaka 2021 utafiti wa watu 36 wazima wa afya wa Marekani ulionyesha kwamba vyakula vilivyochachuka huongeza aina za bakteria na kushusha alama kadhaa za mchochota, na moyo na sukari ya mgonjwa wa lupasi vinahitaji chakula bora kuliko vya mtu mwingine. Ale hivyo pamoja na dawa zake, na kila anachoongeza amwambie daktari, hasa vidonge vya bakteria hai, kwa sababu mtu anayemeza dawa za kushusha kinga anaweza, ingawa ni mara chache, kupata maambukizi ya damu kutoka kwao. Na daktari asimkemee alipotaja tumbo. Mgonjwa akikemewa chumbani, ataenda kusikilizwa kwingine, na huko kwingine kuna kopo.

Bodi ya Dawa na Sumu nayo haina budi kuyatazama matangazo yanayotaja ugonjwa kwa jina. Kuuza maziwa ya mtindi ni halali; kuandika kwamba yanaponya lupasi ni dai la dawa, na dai la dawa huombewa ushahidi.

Lakini kubwa kuliko yote ni lile ambalo halijafanyika. Wanawake wa Korogocho na Viwandani walishatoa sampuli zao, kwa hiyo sasa tunayo picha ya tumbo la mkazi wa Nairobi lilivyo. Kinachokosekana ni picha ya mwenzao siku ile anapoambiwa ana lupasi, kabla hajameza kidonge cha kwanza cha steroidi, kwa maana baada ya hapo tumbo lake limeshabadilishwa na hatutajua tena lilikuwaje. Kichupa kimoja cha choo, kimoja cha damu, maswali kuhusu chakula na antibiotiki alizotumia, kisha kumfuatilia mwaka hata mwaka. Kliniki za magonjwa haya zipo Nairobi, na wagonjwa wapya huingia. Vichupa ni bei rahisi. Gharama iko kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, jenereta ya siku umeme unapokatika, na mshahara wa mtu mmoja wa kukaa hapo mlangoni akimngoja mgonjwa kabla hajapita dirisha la dawa.